Kilichoila Namba Nne

Haya, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako, nitegulie hiki: kwenye baridi nalala, kwenye joto naamka, meno sina, na chakula changu ni chuma. Mimi nani?

Usiseme panya, panya ana meno. Usiseme moto, moto haulali kwenye baridi, unakufa. Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Na usinipe Paris, Paris niliitoa zamani, utasikia niliitoa kwa nani. Nipe Sainte-Ludivine, kijiji changu mwenyewe, chenye kanisa moja, duka moja, kilima kimoja kibaya na karakana ya halmashauri yenye mabati ya kijani. Nimeshakipokea. Sasa sikia jibu: ni chumvi. Chumvi ileile unayonyunyizia yai. Huku kwetu, upande wa Québec, tunaimwaga barabarani kwa malori tangu Novemba mpaka Aprili ili barafu iyeyuke na watu wafike kazini na viuno vyao vizima. Barabara inapona. Gari linaloimwaga ndilo linalougua, kwa maana linapita katikati ya hiyo chumvi mchana kutwa, na chumvi inarukia tumboni.

Miaka ile ninayokusimulia karakana ilikuwa na magari manne ya kusukuma theluji na fundi mmoja, Aurèle Thivierge. Aurèle ni shemeji yangu, kamwoa Huguette, dada wa mume wangu. Mume wangu, Rosaire, ndiye aliyeendesha Namba Nne. Na mimi Fernande, niliyeacha shule darasa la sita, nilikuwa napiga deki chumba cha madereva na kuwapikia supu ya njegere. Kwa hiyo ufunguo wa karakana nilikuwa nao. Ukumbuke huo ufunguo.

Aurèle aliyatunza yale magari kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kila Oktoba, Jumamosi moja baada ya sikukuu ya mavuno, ilikuwa siku ya mafuta. Gari linapandishwa juu ya vyuma, Aurèle anaingia chini na pampu yake, anapulizia mafuta kila tundu, ndani ya milango, kwenye maungio, kwenye chesisi yote, yaani mifupa ya gari, mpaka yeye mwenyewe anatoka anang'aa kama dagaa wa kopo. Kisha, mafuta yakiwa bado yanadondoka, madereva wanayapeleka magari kwenye barabara ya vumbi ya Safu ya Sita, mtaa wa mashamba. Wanakwenda na kurudi, mbio, ili vumbi ligande kwenye mafuta kama unga unavyoganda kwenye samaki kabla hajaingia kikaangoni. Mafuta matupu yanaoshwa na theluji ya kwanza. Mafuta yaliyoshika vumbi yanakuwa ngozi ya pili.

Wanawake wa Safu ya Sita siku hiyo walianua nguo asubuhi na mapema. "Fungeni madirisha!" walipigiana kelele. "Aurèle anawapeleka maharusi wake kupakwa poda!"

Na Rosaire naye hakunyamaza. "Shemeji, dada yangu anakukumbatiaje wewe? Si anateleza?"

"Ndiyo maana mimi sina kutu," Aurèle alimjibu. "Wewe hebu sikiliza magoti yako yanavyolia ukipanda ngazi."

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, mafuta na vumbi. Sheria ya pili haikupendwa na mtu. Dereva akirudi, haendi nyumbani mpaka ameosha tumbo la gari kwa maji baridi, halafu gari linalala kwenye baridi. Kila gari lilikuwa na chumba chake cha mbao, na vidirisha vya juu vilikaa wazi upepo upite. Injini ilipashwa kwa waya wake wa umeme, ili iwake alfajiri. Lakini mahali pa dereva, hakuna joto. Chumba cha Namba Nne kilikuwa na jiko la chuma la kuni, kuukuu, na Aurèle aliliwasha siku za matengenezo tu, gari likiwa limeshaoshwa na kukauka.

Rosaire alikuwa ametoka kuugua mapafu mwaka uliotangulia. Kikohozi kilimwachia kifua kama mfuko uliotoboka. Siku moja ya Desemba, tukiwa chumba cha madereva, nikiwapakulia supu, alimwambia Aurèle:

"Shemeji, kile kiti ni jiwe la kaburi. Washa jiko jioni, kidogo tu."

"Vaa suruali mbili."

"Nimevaa tatu."

"Basi ongeza ya nne. Rosaire, nisikilize. Chumvi ikiwa na baridi, imelala. Ukiipasha moto, theluji iliyonata kule chini inayeyuka, maji ya chumvi yanapenya kwenye maungio, mafuta yangu yanalainika na kudondoka, na ile chumvi inaamka ina njaa. Siwezi kukuwekea gari lije likufie barabarani."

"Kwa hiyo nife mimi, gari libaki."

"Wewe unaweza kunywa dawa. Gari halinywi."

Madereva wakacheka mpaka supu ikawatoka puani. Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nalala na kile kikohozi.

Jioni yake, saa kumi na moja, Aurèle ameshakwenda kula, nikafungua mlango wa Namba Nne. Gari lilikuwa limeoshwa juujuu, maana mpira wa maji ulikuwa umeganda, na mabonge ya theluji chafu yananing'inia chini yake kama matiti ya mbwa anayenyonyesha. Nikafunga vidirisha. Nikaingiza kuni nne kwenye jiko, nikawasha. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya Aurèle, yote, na nilikuwa nimeyaelewa. Usije ukadhani sikuelewa. Nilijiambia tu kwamba chuma ni chuma, na mume wangu ni nyama.

Kesho yake Rosaire alirudi na rangi usoni. "Leo kile kiti kilikuwa na joto la mwili wa mtu. Nani kawasha?"

"Malaika."

Akanishika mkono, akaugeuza. "Malaika ana masizi kwenye kucha. Fernande, Aurèle akijua?"

"Atajulia wapi?"

Akauachia mkono. Kikohozi kilipungua wiki ileile, na mimi nikaona nimeshinda.

Nikawasha siku iliyofuata, na iliyofuata. Nikawasha majira mawili ya baridi. Alfajiri moto ulikuwa umeshakufa na Rosaire ameshaondoka na gari lake vuguvugu. Mimi nilifika na mkate kabla ya saa moja, nikafungua vidirisha, nikazoa jivu. Jivu nililimwaga kwenye ngazi za mlango mkubwa. Aurèle aliliona mara moja tu, akasimama.

"Fernande, jivu hili la wapi?"

"La nyumbani kwangu, shemeji. Nimekumwagia usije ukateleza ukavunja kiuno, tukakosa fundi."

"Ahsante, shemeji," akasema, akakanyaga taratibu akaingia ndani.

Alinishukuru, unaona? Uongo nilimwambia huo mmoja tu, na akanishukuru kwa huo.

Februari ya majira ya pili, saa nne asubuhi, jua linawaka juu ya theluji, Rosaire alikuwa anateremka Kilima cha Thibault. Lile sepeto kubwa la mbele, la kusukumia theluji, limeshikwa na mhimili wa chuma, na mhimili umeshikwa na chesisi. Chesisi ikakatika. Sepeto likajikita barabarani, gari zima likapinduka juu yake kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti, likaingia mtaroni. Walimtoa Rosaire kwa msumeno. Paja lilikuwa limevunjika mahali pawili. Hospitali walimfunga vyuma ndani ya mguu, naye kwa dawa zile akawa anauliza kama vimepakwa mafuta.

Mkaguzi alikuja kutoka mjini. Nilikuwepo, nilikuwa nafagia vioo. Alichukua bisibisi akaichoma chesisi ya Namba Nne, ikaingia mpaka kwenye mpini, kama unavyochoma keki kujua kama imeiva. Nje kulikuwa na ngozi ya mafuta na vumbi, nzuri, nyeusi. Ndani, pale vyuma viwili vinapolaliana, kulikuwa na kutu tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowana. Akachoma Namba Moja, bisibisi ikateleza. Akachoma ya Pili na ya Tatu. Zikalia ngoo, nzima.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa chini wa kanisa, kijiji chote. Mimi nilikuwa wa kahawa. Meya alimsimamisha Aurèle mbele ya watu akamwambia: "Magari manne yamepakwa na mkono mmoja, kwa mafuta ya pipa moja. Matatu mazima, moja limeoza mifupa. Basi tuambie wewe fundi. Namba Nne imeliwa na nini?"

Aurèle alikuwa mtu wa maneno, unamkumbuka alivyomjibu Rosaire, lakini pale alizunguka kichwani mwake kila tundu alilolipulizia, mimi niliona macho yake yanavyotembea, na hakuliona lililosahaulika. Mwisho akasema, "Sijui."

"Siku ya mafuta ulikuwa umelewa!" sauti ikatoka nyuma. Mtu ambaye hajaonja pombe tangu alipomzika baba yake! Watu wakacheka, si wote, lakini wakatosha.

Nilikuwa na birika mkononi na jibu mdomoni. Nikamimina kahawa.

Aurèle alitoa funguo za karakana mfukoni, akaziweka mezani mbele ya meya, akazipanga moja moja kwa urefu wake, ndivyo alivyokuwa, akachukua kofia akaondoka. Alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mpaka uzee. Karakana hakukanyaga tena. Wifi yangu Huguette aliacha kuja kwetu Mwaka Mpya. Miaka yote walikuwa wanakuja, tunakula pai ya nyama, wanacheza karata, wanaibiana karata. Mwaka ule niliweka sahani zao kwa mazoea, halafu nikaziondoa kabla Rosaire hajafika mezani. Akaniona.

"Tumwambie, Fernande," alikuwa amesema tangu hospitali.

"Ukitoka."

Akatoka. "Tumwambie."

"Ukitupa magongo."

Akatupa magongo. Ikawa baada ya Pasaka, ikawa baada ya mavuno, ikawa mwakani. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiende mwenyewe. Akasema: "Aliyewasha ni wewe. Nikikusemea, nitakuwa nimekusemea kama mtoto, na wewe si mtoto." Akachechemea hivyohivyo, akaningoja, miaka ishirini na mitatu, mpaka tulipomzika. Kikohozi chenyewe kilirudi, nikuambie ukweli. Kilirudi mwaka uleule, na kiti cha joto hakikukizuia.

Sasa nikuambie habari ya Paris.

Vuli ya kwanza baada ya mkutano, nilikutana na Aurèle dukani, mimi nachagua vitunguu. Alinijia karibu, ananuka mbao, si mafuta tena. "Fernande, wewe malkia wa vitendawili, nimepata kimoja."

"Lete."

"Ndugu wanne, ziwa moja wamenyonya, blanketi moja wamejifunika. Watatu wazima, mmoja kaoza mifupa. Nini kilimla wa nne?"

Kitunguu kilinidondoka. Nikasema, "Nimeshindwa."

"Umeshindwa wewe? Basi nipe mji."

"Chukua Rimouski."

Akacheka, akaondoka na Rimouski yake. Mwaka uliofuata akanitega tena, kilekile, nikampa Québec. Mwaka mwingine Montréal. Miji ya kwetu ikaisha, nikaingia ng'ambo, nikampa Paris, nikampa Roma na Papa ndani yake. Watu walidhani ni mchezo wetu wa mashemeji. "Aurèle, umeshatawala dunia ngapi?" walimtania. Siku ya maziko ya Rosaire alinishika kiwiko penye kaburi, akainama sikioni mwangu, akauliza taratibu, "Nini kilimla wa nne?" Nikampa Yerusalemu. Wala hakucheka siku hiyo.

Sijui kama alikuwa ananitania au ananifungulia mlango. Na lile jivu, kama alilikumbuka, sijui. Nimekaa na hilo usiku mwingi kuliko nilivyokaa na kifo cha mume wangu, na naona haya kulisema.

Oktoba iliyopita alikuja jikoni kwangu Maryse Ouellet, binti ambaye ndiye mkuu wa karakana siku hizi. Karakana ni mpya, sakafu ina mabomba ya maji ya moto, unaweza kulala humo na shuka moja. Alikunywa chai yangu, akanieleza shida yake.

"Bibi Fernande, magari mapya haya, majira matatu tu ya baridi, na chini yanavuja kutu. Tunapaka ile lami nyeusi ya viwandani, yanapendeza kabisa, kumbe chumvi imefungiwa ndani inakula raha mustarehe. Wazee walifanyaje?"

"Mwulize Aurèle Thivierge."

"Nimekwenda. Hata mlango hakufungua wote. Alisema, 'Kamwulize mtu ambaye hajaozesha gari.'" Akazungusha kikombe. "Bibi, ni kweli alikuwa amelewa siku ya mafuta?"

"Nani anasema?"

"Si ndivyo wanavyosema pale kazini! Mtu akisahau kitu, akiacha boliti haijakazwa, wenzake wanamwambia, 'Leo umefanya Thivierge.' Vijana wengine hawajui hata kama ni jina la mtu. Juzi mjukuu wake mwenyewe, aliyeajiriwa majuzi, kaambiwa hivyo. Akainama akafunga kamba za viatu."

Nilikwenda nikavaa koti.

"Bibi, chai yako?"

"Nipeleke kwa Aurèle. Sasa hivi, kabla sijatafuta mji mwingine."

Hakunielewa, lakini akanipeleka. Safu ya Sita imetiwa lami siku hizi, imebaki kipande cha mwisho tu cha vumbi, na nyumba ya Aurèle ipo penye hicho kipande. Alikuwa kibarazani, blanketi magotini, miaka themanini na mitatu, macho karibu hayaoni tena. Huguette alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilimwambia Maryse abaki garini. Ndiyo, hata pale, nilimwambia abaki garini. Nilitaka kulisema kwa mtu mmoja, chinichini, halafu tunywe chai yaishe.

"Nani huyo anatembea kama bata?" Aurèle akauliza.

"Fernande."

"Malkia! Mwaka huu umechelewa. Nilidhani umekufa, nikasema basi na ufalme wangu umefia hapo." Akakohoa kicheko. "Na gari hilo ni la nani? Linalia vibaya chini. Lina kitu kimelegea."

"La yule binti wa karakana."

"Aa." Uso ukajifunga. "Nilishamjibu."

"Ulimjibu vibaya."

"Nilimjibu ukweli. Mtu aliyeozesha chesisi hafundishi watu. Hata wajukuu zangu hawaniulizi habari za magari, Fernande. Wananiuliza habari za mbao."

Hapo Huguette alikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. Nikaona kwamba nikilisema chinichini litabaki palepale kibarazani, na karakana wataendelea kusema vilevile, na yule kijana ataendelea kufunga kamba za viatu.

Nikageuka nikaita kwa nguvu. "Maryse! Zima gari, uje hapa! Na wewe wifi, toka hapo mlangoni, njoo ukae."

"Kumbe leo kuna mkutano," Aurèle akasema. "Na kahawa iko wapi?"

Lile neno la kahawa lilinichoma, sijui kama alikusudia. Maryse akapanda ngazi akasimama nyuma yangu. Huguette akaketi ukingoni mwa benchi, mbali na mimi kidogo. Nikaegemea nguzo.

"Nitegee," nikamwambia Aurèle.

"Mbele za watu? Unataka wote waone unavyoshindwa?"

"Tega, shemeji."

Akaelekeza uso pale sauti yangu ilipokuwa, na hakuwa anatabasamu hata kidogo. "Ndugu wanne, ziwa moja wamenyonya, blanketi moja wamejifunika. Watatu wazima, mmoja kaoza mifupa. Nini kilimla wa nne?" Akanyoosha kiganja, kama mtu anayengoja kupewa mji wake.

Nikakishika kile kiganja.

"Jiko, Aurèle. Nililiwasha mimi, kila jioni ukishakwenda kula, majira mawili ya baridi, na nilikuwa nimekusikia ukikataza."